Jibu kwa meneja wa Nungwi: usimpime mkojo kesho, fungua daftari kwanza

Usimpime kesho. Hivyo vikombe vya kupimia mkojo virudishe kabatini, na huyo aliyekuuzia mpigie simu umwambie asije.

Kwa waliochelewa kuingia kwenye uzi: mwenzetu ni meneja wa hoteli huko Nungwi. Dereva wake wa kuwachukua wageni uwanja wa ndege amekuwa anasinzia, anachelewa, na gari ameshaligonga mara mbili. Anahisi kijana anatumia unga, yaani heroini. Kuna mshauri, huyo huyo aliyemuuzia vikombe, amempa maneno: wakusanye wafanyakazi wote asubuhi, wapime mkojo kwa ghafla, atakayeonekana mpe barua ya kufukuzwa siku hiyo hiyo. Sasa anauliza atumie kipimo gani, apime mara ngapi kwa mwaka, sera aiandike vipi, na walinzi wa usiku wanaokunywa pombe awafanye nini.

Ndugu yangu, nimekaa kwenye kazi ya utumishi wa mahoteli kiasi cha kujua mafaili ya namna hii yanavyoanza na yanavyoishia. Hili lako linakwenda kubaya, na anayelisukuma huko ni mtu anayelipwa kwa kila kikombe.

Jua kwanza kikombe kinasema nini. Kinasema kuna kitu kimepita mwilini, basi. Hakisemi kama jana saa nane mchana, alipokuwa na wageni ndani ya gari, mtu huyu alikuwa katika hali ya kuendesha. Anayevuta bangi kila siku akaacha, mkojo wake unaweza kuendelea kuonesha hata mwezi mzima. Unga kwa kawaida unaonekana siku moja hadi tatu tu. Pombe kwenye vikombe vingi haimo kabisa. Kwa hiyo mlinzi aliyelewa chakari usiku atapita safi, na mtunza bustani aliyeacha bangi wiki mbili nyuma ndiye atakayeshikwa. Tramadol nayo, dawa ya maumivu ambayo vijana wanaimeza kama njugu, kipande cha kawaida cha kupima afyuni (jamii ya unga na morfini) hakiioni. Inataka kipande chake peke yake.

Na hayo ni madogo. Kubwa ni kwamba vipimo hivi vya haraka vinadanganywa na dawa halali. Dawa ya kikohozi yenye kodini itasoma kama afyuni, na hapo kipimo hakijakosea, kodini ni afyuni kweli. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, imeshajulikana kuleta jibu la uongo la afyuni kwenye baadhi ya vipimo. Efavirenzi, ambayo wengi wametumia kwa miaka kutibu virusi vya UKIMWI, imeleta jibu la uongo la bangi. Sasa wewe umewapanga watu wako uani, vikombe viko mezani, mama wa usafi wa vyumba kikombe chake kimeonesha bangi. Ili aokoe kazi yake itambidi aseme, mbele ya wenzake wa kijiji kimoja, ni dawa gani anameza kila usiku na kwa ugonjwa gani. Utamlipa nini mama yule? Hakuna barua ya kuomba radhi inayolirudisha jambo hilo. Nungwi unaijua mwenyewe, kabla ya adhuhuri habari imeshafika Kendwa.

Na huyo dereva ukimshika kweli, umepata nini? Umemfukuza kwa karatasi ambayo haikuthibitishwa na maabara, bila kumsikiliza, bila onyo lolote kwenye faili. Ataipeleka kesi, na kwa hali hiyo anashinda, hata kama anatumia. Hapa ndipo ninapomkasirikia hasa huyo mshauri, kwa sababu umebandika kipande cha sera aliyokupa na nimekisoma. Ametaja Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Namba 6 ya 2004. Hiyo ni ya Bara! Mambo ya ajira si ya Muungano. Zanzibar tunayo Sheria ya Ajira Namba 11 ya 2005, mahusiano ya kazini yana Sheria Namba 1 ya 2005, na usalama na afya kazini una Namba 8 ya mwaka huo huo. Mtu amechukua karatasi ya hoteli ya Dar es Salaam, akabadilisha jina la juu, akakutoza fedha. Sera hiyo usiisaini.

Kanuni yangu ni moja, na ningeomba uiandike ukutani ofisini: daftari kwanza, kikombe baadaye. Andika unachokiona, usiandike unachokidhani. Ukiandika "Leo amekuja amekula unga", umeandika uamuzi wa daktari na wewe si daktari. Andika hivi: "Jumanne, saa 2:40 asubuhi. Alitakiwa saa 2:00. Aliporudisha gari nyuma aligusa nguzo ya geti, ubavu wa kushoto. Wageni wakipakia mizigo alisinzia kwenye usukani, niliita jina lake mara tatu ndipo akaitika. Mboni za macho ndogo sana, ingawa alikuwa kivulini. Alikuwepo pia mtu wa mapokezi." Tarehe, saa, jambo, shahidi. Maandishi hayo hakuna wakili wa kuyapangua, na kijana mwenyewe ukimsomea hawezi kusema unamchukia.

Mboni nimezitaja kwa makusudi. Mwenye unga mwilini mboni zake huwa ndogo kama ncha ya sindano, anajikuna, sauti inakwama, kichwa kinaanguka kisha kinainuka. Akikosa, yaani akiwa na arosto, mambo yanageuka: mboni zinakuwa kubwa, anapiga miayo mfululizo, makamasi na machozi bila mafua, jasho, vinyweleo vinasimama, tumbo linamwendesha. Arosto ya unga huanza saa 6 hadi 12 baada ya dozi ya mwisho. Ndiyo maana unamuona mzima asubuhi na mgonjwa jioni, au kinyume chake, na ndiyo maana safari zake za "nakuja mara moja" zina saa zake. Ukiandika wiki mbili utaiona ratiba hiyo kwenye daftari bila kumgusa mtu.

Lakini dalili hizi zina ndugu zake wanaofanana. Sukari ikishuka mtu anatetemeka, anatoka jasho, anaongea ovyo, anakuwa mkali, ungeapa amelewa. Sukari ikipanda kupita kiasi, pumzi inatoa harufu ya matunda yaliyooza ambayo watu wanaiita harufu ya pombe. Mwezi wa Ramadhani, alasiri, dereva mwenye kisukari aliyefunga anaweza kukuangukia mbele ya macho yako na wewe unamtafutia barua. Nunua kipimo cha sukari cha kidole, kikae kwenye sanduku la huduma ya kwanza. Ikisoma chini ya 3.9 (mmol/L) mpe sukari vijiko vitatu hadi vinne vya chai kwenye maji, iwapo anameza vizuri, kisha pima tena baada ya dakika 15. Hajitambui, usimmiminie kitu mdomoni, mlaze ubavu na mkimbize hospitali.

Siku atakapofika hana hali ya kuendesha, usibishane naye kuhusu unga. Omba funguo. Mwambie: "Leo huendeshi, kwa sababu ya haya niliyoyaona," umsomee. Mpeleke ofisini, muwe watatu tu, pamoja na mtu anayemuamini. Na kwao asirudi kwa honda (pikipiki) yake, mtu ampeleke. Ukimruhusu apande akapata ajali barabarani, maandishi yako yote yatakugeukia wewe, kwa kuwa uliona ukamwachia.

Mazungumzo yenyewe yafanye siku ya pili akiwa na akili zake. Daftari mezani, matukio manne au matano, kisha swali moja: "Kuna jambo linakusumbua ambalo tunaweza kukusaidia?" Halafu nyamaza. Neno teja lisitoke mdomoni mwako wala kwa mtu wako yeyote. Mwongozo wa Shirika la Kazi Duniani wa 1996 unataka ulevi uchukuliwe kama maradhi mengine, na siri zitunzwe hivyo hivyo. Kwa hiyo mpe njia mbili zilizoandikwa: akubali matibabu na kazi yake ibaki, au aendelee na makosa na hatua za nidhamu zifuate kwa makosa hayo yaliyomo kwenye daftari. Kama mtafika kwenye kipimo, kiwe kwa ridhaa yake, kwenye maabara, na jibu lithibitishwe kabla halijaingia kwenye faili.

Matibabu yapo hapa hapa Unguja. Kidongo Chekundu, mjini, kuna kliniki ya methadoni (dawa anayopewa mtu badala ya unga) tangu 2015, na soba hausi, nyumba za kukaa mtu anapoacha, zipo. Methadoni inanywewa kila siku mbele ya mhudumu, na dozi moja inamshikilia kiasi cha siku nzima. Aliyetulia kwenye dozi yake hasinzii wala haumwi. Lakini kutoka Nungwi hadi mjini ni zaidi ya kilomita 50, kwa hiyo zamu yake ya asubuhi lazima uisogeze mbele, vinginevyo umempa matibabu kwa mkono wa kulia ukamnyang'anya kwa wa kushoto.

Usimfungie ndani aache kwa nguvu, hata familia ikikuomba. Kwa unga atateseka na atatoroka. Kwa mnywaji wa pombe wa kila siku ni hatari ya roho, kwani akikatiwa ghafla anaweza kupata degedege ndani ya siku mbili za mwanzo. Huyo ni wa hospitali.

Akirudi kutoka soba hausi usimpe funguo siku ya kwanza. Mweke stoo au gereji kwa muda, mbali na fedha za mkononi na safari za peke yake. Mwili uliokaa miezi bila unga hauwezi tena dozi ya zamani. Akirudia kiasi kile kile pumzi inakata. Waliokaribu naye waambiwe hilo waziwazi, na wajue kumpulizia pumzi mdomoni wakati gari linatafutwa.

Sasa nijibu usiku huu huu: funguo za lile gari, kazi ikiisha, zinalala wapi, ofisini au mfukoni mwake? Na wageni wa kesho alfajiri kawekwa nani kuwapeleka?