Kwako asistanti mpya: ujue barua yako inapita wapi

Mdogo wangu uliyeanza kazi ya uasistanti, yaani mwalimu msaidizi, katika chuo kikuu hapa Lubumbashi, hongera sana. Kabla ya kuwaza makala ya kwanza, ijue kwanza nyumba uliyoingia. Mandati yako, yaani muda wako wa kazi, ni ya miaka 2, nayo inakwisha haraka.

Mwaka wangu wa kwanza nilichota mifuko 40 ya udongo kule Penga Penga, ambako upepo ulipeleka moshi wa kiwanda cha shaba kwa miaka mingi. Mashine ya kupima metali ilikuwa kwenye kitivo kingine. Barua yangu ya kuomba kuitumia ilitoka idarani mwezi wa sita, ikapita kwa doyeni (mkuu wa kitivo) wetu, ikapanda kwa katibu mkuu wa taaluma, ikashuka kwa doyeni wa pili, kisha kwa mkuu wa labo. Jibu lilifika mwezi wa kumi na moja, mvua zimeshaanza. Wino ulikuwa umefutika kwenye mifuko mingi, na kurudi kuchota upya nisingeweza, maji yalishaosha udongo wa juu. Kilichoniuma zaidi ni kwamba yule mkuu wa labo alikuwa tayari kunisaidia tangu siku ya kwanza.

Idara zetu zimepangwa kwa ajili ya masomo. Swali la udongo, metali na afya ni la vitivo vya agronomia (kilimo), politekniki (uhandisi) na utabibu kwa pamoja, kwa hiyo halina mlango wake. Na mpangilio wa chuo ndio unaoamua utakutana na nani: mwaka 1971, vyuo vikuu vilipounganishwa kuwa UNAZA (Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire), vitivo viligawanywa kati ya Kinshasa, Lubumbashi na Kisangani. Hadi 1981, mwanafalsafa wa huku na mwanasheria wa Kinshasa walitenganishwa na zaidi ya kilomita 1,000.

Basi tafuta kikundi cha utafiti kinachochanganya vitivo, hata kama kinakutana chini ya mwembe. Usimruke Prof wako. Mpelekee barua mkononi na ubaki na kopi yenye muhuri wa mapokezi. Mwombe pia, kwa maandishi, siku moja ya wiki isiyo na TP, yaani kusimamia mazoezi ya wanafunzi. Bila siku hiyo hutaandika kitu, nakuambia kweli. Majina ya waandishi yapangwe kabla ya kwenda uwanjani.

Ile mifuko inayosomeka bado iko chini ya meza yangu. Kama swali lako ni la metali kama risasi au kadimiamu, njoo tuigawane.