Bosi kaniandikia "I won't hold it against you", nifungashe virago?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mi niko Dodoma, Kisasa. Nilichelewesha ripoti siku tatu, nikamwomba radhi bosi wetu ambaye ni mzungu, akanijibu kwa imeili "I won't hold it against you". Nikachukua kamusi nikatafuta neno mojamoja, nikapata "sitaishika dhidi yako", yani nimezidi kuchanganyikiwa. Kanisamehe au ananitishia?

JIBU: Marahaba mwanangu, lala usingizi, umesamehewa.

Kosa lako ni kukipasua hicho kitenzi vipande vipande. Ukisikia fundi anasema "hold the ladder against the wall" hapo sawa, shikilia ngazi ukutani, lakini kosa likikaa katikati na mtu akaja mwishoni maana inageuka, inakuwa kumwekea mtu kinyongo kwa jambo alilofanya, limepita zamani ila wewe umelifunga fundo moyoni na kila mkigombana unalifukua. Kaka yangu aliuza kiwanja Ihumwa kabla ya 2016 kwa bei ya kutupa, serikali ikahamia Dodoma, wizara zikajengwa Mtumba hapo jirani, basi shemeji mpaka leo akipita na daladala njia ile ananuna. Kwa Kiingereza kaka angesema "She still holds it against me that I sold the plot". Na haki yake bwana, hata mi ningenuna.

Sasa wengi tunapokosea ni hapa. Kiswahili tunasema "ananiwekea kinyongo" na inatosha, kosa sio lazima ulitaje, kwa hiyo mtu anahamishia vilevile anasema "he holds against me" halafu anaishia hapo, na anayemsikiliza anasubiri, anashika nini? Lazima iwepo "it", au kosa lenyewe. Kama hutaki kutaja kosa sema "he holds a grudge against me", hapo "grudge" ndo kinyongo chenyewe. Wakati uliopita ni "held", usije ukaandika "holded" nikaonekana sijakufundisha.

Alafu utaisikia sana kwenye kukanusha, kama alivyofanya bosi wako, na hata kwa utani, mtu anakwambia "I'm a Simba fan, I hope you won't hold it against me".

We mjibu "Thank you" tu, usiombe radhi tena. Na ya mwezi huu umeshatuma?