Ukiingia mgahawa wa Kusini, anza na mboga

Mara ya kwanza niliposimama kwenye foleni ya mgahawa wa chakula cha Kusini mwa Marekani, hapa Nashville, jimboni Tennessee, niliomba kuku wa kukaanga kwa sababu ndicho chakula pekee nilichokijua kwa jina, kisha nikamwachia mama aliyekuwa akipakua anichagulie vilivyobaki. Alinitilia makaroni ya jibini, maharage, na majani ya kijani yaliyochemshwa hadi yakalegea kabisa. Nilipoyaonja niliyatambua mara moja: sukuma wiki! Nilikuwa nimekwisha kula nusu yake ndipo nilipokuta chini ya bakuli kipande cha ngozi iliyokaushwa kwa moshi, nami ni Mwislamu wa Tanga, nisiyehitaji kuelezwa ngozi ile ilikuwa ya mnyama gani.

Sikuwa na wa kumlaumu ila ulimi wangu uliokaa kimya. Katika mapishi ya Kusini, mboga za majani huchemshwa kwa muda mrefu pamoja na kipande cha mguu wa nguruwe uliokaushwa kwa moshi. Kunde na maharage mabichi nayo mara nyingi hupikwa hivyo hivyo, na hata kikaango cha kuokea mkate wa mahindi huweza kupakwa mafuta ya nguruwe. Kwa hiyo, ikiwa hula nguruwe, usiulize kama chakula ni mboga tu, kwa kuwa utajibiwa kwamba ni mboga tu, na anayekujibu hatakuwa anakudanganya: kwake kipande kile ni kiungo, kama kitunguu. Uliza waziwazi kama kuna nguruwe ndani ya sufuria, na kama utaagiza cha kukaanga, uliza pia ni mafuta gani yaliyotumika. Baadhi ya wapishi siku hizi hutumia bata mzinga badala ya nguruwe. Wala usishtuke mpakuaji, awe umri wa mama yako au wa binti yako, akikuita mpenzi anapokujibu. Huo ndio uungwana wa huku.

Migahawa ya namna hii huitwa "meat and three", yaani nyama na vitatu. Unachagua nyama moja, kisha vyakula vitatu vya kando, na mkate wa mahindi huja pamoja navyo. Ushauri wangu kwa mgeni anayetoka kwetu ni kuanza na hivyo vitatu, au kuomba sahani ya mboga pekee, ambayo mingi ya migahawa hii huiuza kwa bei nafuu zaidi. (Makaroni ya jibini huhesabiwa miongoni mwa mboga, jambo ambalo sijapata mtu wa kunieleza sawasawa.) Kuku wa kukaanga unaweza kumpata popote duniani. Kunde na bamia, kwa upande mwingine, vilivuka bahari kutoka Afrika katika zama za biashara ya utumwa, na hata neno "gumbo", lililo jina la mchuzi mashuhuri wa Louisiana, hudhaniwa kuwa limetokana na jina la bamia katika lugha za Kibantu za Angola. Bamia za huku huvingirishwa katika unga wa mahindi na kukaangwa hadi zikauke, bila ule mlenda tuliouzoea. Kunde ni tamu, ingawa kila nizilapo huikumbuka nazi.

Chenga za mahindi, ziitwazo "grits", zina hesabu yake. Mimi niliziagiza nikidhani nitapata ugali, nikanawa mikono, na nilipojaribu kukata tonge nikabaki na vidole vilivyolowa. Huo ni uji mzito, huliwa kwa kijiko, pamoja na siagi, jibini au kamba, na ukiupima kwa kipimo cha ugali utauonea bure.

Fika kabla ya saa sita mchana, kwa maana migahawa mingi ya namna hii hufunga alasiri na vyakula vizuri huisha mapema. Chai ni ya baridi, yenye sukari ya kutosha vikombe vitatu. Bei ya ubaoni haijajumlisha kodi, ambayo hapa inakaribia asilimia 10, na ukihudumiwa mezani acha bakshishi ya asilimia 15 hadi 20.

Siku hizi mimi huchukua kambare aliyevingirishwa katika unga wa mahindi, bamia, kunde, na sukuma wiki iliyopikwa na bata mzinga. Majani yakiisha, usirudishe bakuli: ule mchuzi wa kijani uliobaki chini ndio wenyeji wanaougombea, na mkate wa mahindi huchovywa humo.