Mtoto kaamka anachemka na gari la shule linapiga honi

SWALI: Shikamoo Anti Nesi. Mimi ni mama wa watoto wawili tunakaa Mbagala, nauza kwenye duka la vitenge la mtu Kariakoo, mkubwa wangu yupo darasa la pili na mdogo yupo dei. Juzi Jumanne mkubwa kaamka saa 11 alfajiri mwili wa moto na mafua juu, nikampa Panadol ya maji, baada ya nusu saa hivi kapoa anacheka kabisa, nikamvalisha yunifomu nikampandisha gari la shule. Saa 4 nipo na mteja simu inaita, mwalimu ananiambia mama njoo umchukue mtoto anatetemeka na katapikia madaftari. Duka nikamwachia mwenzangu, boda ikanila hela ya kula kesho, bosi kanuna mpaka leo, alafu jioni kwenye grupu la wazazi kuna mama kaandika eti wapo wazazi wanatuletea magonjwa makusudi, jina hajataja ila kila mtu kajua ni mimi. Baba yao anasema namdekeza mtoto, wao walikuwa wanaenda shule na homa inaishia njiani. Mama mkwe naye akisikia tu kikohozi anasema abaki. Sasa nishike la nani? Na nikibaki naye kila akiugua si kazi itaniisha? Mama Wawili, Mbagala.

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Hilo la grupu liache, huyo mama mtoto wake naye atatapika tu siku moja na sisi tutanyamaza.

Tuanze na Panadol maana ndo iliyokuponza. Ile parasetamo inashusha joto kwa masaa manne mpaka sita basi, ugonjwa wenyewe haiugusi. Hesabu mwenyewe, umempa saa 11 na kitu alfajiri, mwalimu kapiga saa 4. Dawa imeisha nguvu katikati ya hesabu za kutoa na homa imerudi pale pale ilipokuwa imekaa inasubiri. Wengi tunafanya hivi na sio kwamba ni wazazi wabaya, mtoto akicheka moyo unatulia, lakini mtoto aliyecheka kwa dawa hajapona. Kwahiyo swali la asubuhi lisiwe "joto limeshuka?", liwe "jana kutwa na usiku kucha amekaa bila homa na bila kunywa dawa ya homa?" Kama jibu ni hapana anabaki. Masaa 24 bila homa na bila dawa ndo anarudi shule, hapo mimi sibishani na mtu.

Na nunua kipimajoto jamani, sio kitu cha ghali, kiganja cha mama ni kizuri kwa kubembeleza sio kwa kupima, hasa kama umetoka kuosha vyombo na maji ya baridi. Ukiweka kwapani ikasoma 37.5 kwenda juu hiyo ni homa tayari, hata kliniki ndo wanaanzia hapo.

Alafu kwa sisi wa Dar, na popote penye mbu, homa sio ya kukisia. Mpeleke akatobolewe kidole, kile kipimo cha haraka cha malaria majibu yake hayamalizi nusu saa. Ikiwa ni malaria anapewa dawa ya mseto, ni siku 3, dozi 6, ya pili inakuja masaa 8 baada ya ya kwanza na zinazofuata ni asubuhi na jioni, na anywe na kitu chenye mafuta kidogo au maziwa maana bila hivyo dawa haiingii vizuri mwilini. Malaria haiambukizwi kwa kukaa dawati moja, kwahiyo hapo unaangalia nguvu zake tu: anakula, anacheza, homa imekata? Aende, na dozi ya jioni umsubirie nayo. Ila usifanye ile ya siku ya pili karuka ruka basi vidonge vinavyobaki vinawekwa kabatini "vya akiba". Unamwekea akiba ya kuugua tena.

Mafua na kikohozi hapa ndo mama mkwe anazidisha, samahani lakini. Kamasi peke yake halimzuii mtoto shule. Tungefanya hivyo msimu wa mvua madarasa yangebaki na mwalimu na chaki. Kikohozi cha mafua kinaweza kuburuza wiki mbili hata tatu wakati mtoto mwenyewe ameshachangamka, na kamasi kuwa la kijani sio sababu ya kukimbilia famasi kununua amoksilini nusu dozi. Mpe kitambaa, mfundishe kukoholea kwenye kiwiko, aende. Anabaki kama kikohozi kimemnyima usingizi usiku, au ana homa, au amelegea hataki hata uji. Na kama anahema haraka au mbavu zinaingia ndani akivuta pumzi hapo sio kubaki nyumbani, hapo ni hospitali. Huyo wako wa dei mhesabie akiwa ametulia, dakika nzima na saa mkononi, mtoto wa mwaka mmoja mpaka mitano akifika pumzi 40 au zaidi usingoje kupambazuke.

Kutapika na kuharisha sina maelezo mengi, anabaki mpaka zipite siku mbili tangu mara ya mwisho. Wewe unavijua vyoo vya shule zetu na unajua sabuni ikoje pale, mmoja anatosha kuangusha mkondo mzima. Nyumbani ORS pakiti moja kwenye lita moja ya maji safi, anywe kidogo kidogo, na kama ni wa chini ya miaka mitano aongezewe vidonge vya zinki siku 10 mpaka 14 hata kama kuhara kumekata siku ya pili.

Macho mekundu si unakumbuka ile Januari 2024, Dar nzima ilikuwa inavaa miwani usiku. Watu walijikamulia kila kitu machoni, chai ya rangi, maziwa ya mama, wengine mkojo kabisa, Wizara ya Afya ikabidi itoke iseme acheni. Mtoto jicho likiwa jekundu linatoa tongotongo na machozi anabaki, taulo lake peke yake, mto wake peke yake, na aonwe na mtaalamu kabla hujamtia matone yoyote.

Vipele vyenye maji mimi nimeshaumbuka navyo. Wa kwangu wa kwanza aliamka na vipele vitatu tumboni nikasema mbu wa usiku, chandarua kina tundu, nikampeleka. Nesi mzima! Jioni anarudi kajaa mwili mzima, tetekuwanga, na baada ya wiki mbili tatu nusu ya darasa lao ilikuwa inajikuna. Kuanzia hapo mtoto akitoka vipele namvua nguo zote namwangalia kwenye mwanga wa mlangoni, mgongo, kichwani ndani ya nywele, hata mdomoni. Tetekuwanga anabaki mpaka kila kipele kikauke kiweke gamba, mara nyingi ni siku 5 mpaka 7, na usimpe aspirini. Ukiona vipele vimekuja pamoja na homa kali, macho mekundu, mafua na kikohozi, hiyo inaweza kuwa surua, mpeleke kituo cha afya na uwaambie pale mlangoni kabisa kabla hajakaa na wenzake kwenye benchi maana surua inaruka kuliko moto wa makuti. Akithibitika anakaa nyumbani siku 4 tangu vipele vitokee. Angalia na kadi ya kliniki, chanjo ya surua na rubella ni mara mbili, miezi 9 na miezi 18, na hiyo ya pili ndo akina mama wengi wanaisahau mtoto akishaanza kutembea.

Sasa yapo ambayo hata usifikirie shule. Degedege, mtoto haamki vizuri au hajitambui, anatapika kila kitu hata maji, hawezi kunywa. Mbebe uende. Na wakikwambia mtaani degedege akichomwa sindano anakufa, waambie aliyechelewa ndo anakufa. Mtoto mwenye selimundu, yaani sikoseli, kwake homa yoyote ni hospitali siku hiyo hiyo, asitulizwe na Panadol ya dukani kwa Mangi, na mwalimu wake alijue hilo.

Kwa baba yao mwambie hivi: kwanza shkamoo yake, pili wao walikuwa wanaenda na homa kweli, ila anawasahau waliorudishwa wamebebwa mgongoni. Mtoto mwenye homa darasani hasikii kitu, amelalia dawati, na mwalimu ana wanafunzi 80 hawezi kumshika kipaji kila saa. Ukitaka kipimo cha haraka asubuhi ukiwa na haraka zako jiulize angeweza kwenda kucheza mpira leo? Kama hata mpira hautaki huyo sio mvivu.

Haya la kazi, ambalo najua ndo limekuuma kuliko yote. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa siku zisizopungua 4 za likizo yenye malipo mtoto wako akiugua. Sio 4 kila anapougua, ni jumla ya kipindi kizima cha likizo kinachohesabiwa na sheria hiyo, na bosi ana haki ya kuomba uthibitisho kwahiyo karatasi ya hospitali usiitupe. Najua duka la Kariakoo na sheria ni vitu viwili, wengi hamna hata mkataba wa maandishi, ila hata bosi asiyesoma sheria anapokea vizuri zaidi simu ya saa 12 asubuhi kuliko mtu anayekimbia saa 4 na wateja wamejaa. Panga sasa hivi watoto wakiwa wazima: nani atakaa naye? Mama mkwe anayesema abaki, mshike hapo hapo, mwambie mama basi akibaki naja kumwacha kwako. Na baba yao naye ana mtoto mgonjwa, siku 4 na yeye anazo kama ameajiriwa. Mwalimu wa darasa mtumie meseji kabla ya namba hazijaitwa, mtoto asiandikwe mtoro.

SWALI: Anti, mjukuu wangu ana mapunye kichwani, mwalimu kamrudisha akasema asikanyage mpaka yapone, sasa wiki ya tatu mtoto anachunga kuku tu hapa nyumbani. Ni sawa kweli? Bibi, Korogwe.

JIBU: Shikamoo bibi. Sio sawa. Mapunye ni fangasi, yanaambukiza ndio, lakini mtoto akishaanza dawa anaruhusiwa kurudi darasani, tukisubiri nywele ziote atakosa muhula. Ila dawa yenyewe iwe ya kweli. Ya kichwani mafuta ya kupaka peke yake hayafiki kwenye mzizi wa nywele, anatakiwa apewe vidonge hospitali na atavimeza wiki 6 au zaidi, hapo ndo wengi wanashindwa maana upara ukianza kujaa wanaacha. Chanuo lake na kofia yake viwe vya peke yake, na mashine ya kinyozi isafishwe kabla na baada yake. Na upele ule wa kujikuna usiku ni vile vile, akishapakwa dawa mara ya kwanza kesho yake anaenda, ila mpakwe nyumba nzima siku moja hata wasiojikuna. Nenda shule mwenyewe bibi, na cheti cha dawa mkononi, walimu wanawasikiliza mabibi kuliko sisi.

SWALI: Binti yangu yuko darasa la tano, kila Jumatatu tumbo. Jumamosi hana tumbo. Nimempima minyoo, mkojo, kila kitu safi. Nimwache nyumbani au nimburuze? Mama Neema, Dodoma.

JIBU: Umefanya vizuri kupima kwanza, wengi wanaanza na fimbo. Tumbo la namna hiyo linauma kweli, hadanganyi, ila chanzo chake hakipo tumboni. Kama halimwamshi usiku, hakondi, hatapiki, mpeleke shule, na siku ukimwacha iwe siku ya kulala kitandani, hakuna katuni hakuna simu, usije ukamfundisha kwamba Jumatatu ni sikukuu. Wakati huo huo chimba. Jumatatu kuna nini? Jaribio la hesabu? Mwalimu wa zamu anayechapa waliochelewa? Kuna mkubwa anamnyang'anya hela ya mihogo? Na kwa umri wa darasa la tano fikiria choo pia, mlango haufungi, maji hamna, na labda mwili umeshaanza kubadilika na hajui amwambie nani. Usimuulize mezani mbele ya baba na kaka zake. Muulize Jumapili jioni ukiwa unamsuka, yeye kakupa mgongo na hamtazamani usoni, hapo watoto wa kike wanasema.