Shairi likipungua mizani

Ilala, Dar es Salaam

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Umeniuliza: kwa kuwa umekabidhiwa ukurasa wa mashairi kwenye gazeti la mji wenu, pamoja na jarida mnaloanzisha na wenzako, shairi likija limepungua mizani, yaani silabi za mshororo, ulirekebishe mwenyewe au uliache?

Hesabu kwanza, tena kwa mdomo, huku unagonga meza kwa kidole. Mara nyingi anayekosea ni mhariri. Tazama mshororo huu:

*Mtaa umefurika, Jangwani hakupitiki*

Anayehesabu kwa macho husoma "mta-a", akapata mizani saba badala ya nane kwenye ukwapi, kipande cha kwanza kabla ya koma, akachomeka silabi: "Mtaa umeshafurika". Mshororo umeharibika. Ile m ni mizani peke yake: m-ta-a u-me-fu-ri-ka, nane kamili. Nchi nayo ni mbili, n-chi. Ila mbuzi ni mbu-zi, maana hapo m imeshikana na b.

Likiwa limepungua kweli, usichomeke kitu. Mpigie mtunzi simu, mtajie ubeti, mshororo na mizani zilizopungua, halafu mwachie atafute neno mwenyewe. Neno la kina, lenye silabi ya mwisho inayofanana na ya mishororo mingine, ndilo la kuogopa zaidi: ukiligusa, mishororo mingine ya ubeti inabaki yatima. Mtunzi wa Mombasa akimalizia kwa "mato", usimgeuzie kuwa "macho", kina cha -to kitakufa. Kompyuta nayo huwa inabadilisha maneno kimyakimya, kwa hiyo zima masahihisho ya kujiendesha kabla hujabandika shairi lolote.

Kwenye kupanga kurasa ndiko mashairi mengi mazuri yanakoumia, na naumia nayo. Safu ya gazeti ni nyembamba. Mshororo wa mizani 16 hauenei, basi programu inaukata popote ilipofikia ukingo. Kina cha kati, kile cha mwisho wa ukwapi, kinapotea katikati ya mstari, msomaji hakisikii tena. Ukate wewe mwenyewe kwenye koma: ukwapi juu, utao (kipande cha pili) chini yake, umeingizwa ndani kidogo. Ubeti wa mishororo minne utakula mistari minane, kwa hiyo pima nafasi mapema, usije ukalazimika kutupa ubeti wa mwisho. Kwenye jarida la A5, nusu ya karatasi ya A4, herufi za pointi 11, mshororo unaenea mzima na beti sita zinakaa bila kubanana.

Jarida la kukunjwa na kupigwa pini mgongoni lazima kurasa zake zigawanyike kwa nne. Mkiwa na kurasa 30, mtalipia 32, na hizo mbili zitabaki tupu. Wekeni mashairi mawili ya akiba.

Kabla ya kwenda mashineni, chapisha nakala moja ya karatasi, mmoja asome kwa sauti, mwingine afuatilie kwenye mswada wa mtunzi. Kwenye kioo, "haku" na "huku" hufanana mno.

Nitumie ukurasa wa kwanza ukiwa tayari, niusome kwa sauti kabla haujachapwa.

Baba yako