Mkono wa Mama Haukuwa Umenenepa

Mtu wa kwanza kuuona ugonjwa wa mkono wa mama ni fundi cherehani. Tulikuwa Moshi mjini, si mbali na soko la Mbuyuni, mama akipimwa blauzi ya kitenge kwa ajili ya harusi ya mdogo wangu. Fundi akazungusha tepu mkono wa kulia, akazungusha wa kushoto, akarudia. "Mama, huu umenenepa, mwenzake bado. Nikate vipi?" Tukacheka wote. Akaongeza kitambaa upande mmoja, tukalipa, tukapanda daladala kurudi Old Moshi.

Miaka miwili nyuma mama alikuwa ametolewa titi la kushoto, na kwapani wakaondoa tezi kadhaa kuangalia kama saratani imefika huko. Kidonda kilipona vizuri. Habari za mkono kuweza kuvimba baadaye sikumbuki kuzisikia. Inawezekana walitueleza, na sisi siku ile masikio yalikuwa yameganda kwenye neno moja tu.

Basi mkono ukaanza kuvimba. Pete ikagoma kutoka. Jioni mama anasema mkono mzito, kama amebeba debe. Ukibonyeza kwa kidole, panabaki kishimo. Ndipo na mimi, msomi wa familia, nikaharibu. Nilinunua dawa ya kukojoza maji, ile jirani yangu anayotumia kwa presha. Mama akashinda njiani kwenda chooni, mkono ukabaki vilevile. Shangazi naye akaja na maji ya moto na mafuta, akaukanda kwa nguvu zake zote siku tatu. Ukavimba zaidi. Majirani wakanong'ona kwamba ni matende, nikawajibu kwa hasira kwamba matende zaidi ni ya pwani, yanaletwa na minyoo inayoenezwa na mbu. Nilikuwa sahihi, lakini haikunisaidia kitu.

Nilikuja kuelewa nilipoufananisha mwili na mfongo. Kwa wasio wa huku, mfongo ni ule mfereji wa jadi unaoteremsha maji ya Mlima Kilimanjaro hadi vihambani, yaani kwenye mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba zetu.

Damu inapopita kwenye mishipa midogo kabisa, maji yake huvuja kwenda kulisha nyama. Kwa siku moja ni kama lita 20, yaani ndoo moja kubwa ya kuchotea, imejaa. Kama lita 17 hurudi zenyewe kwenye damu. Zinabaki 3, na hizo zikiachwa humo zitakuvimbisha. Hiyo ndiyo limfu. Ina mishipa yake, myembamba, na njiani inapita kwenye tezi, mamia kadhaa mwili mzima, nyingi zikiwa shingoni, kwapani na kwenye kinena. Tezi ni chujio lenye askari: chembe nyeupe za damu hukagua kila kinachopita, ndiyo maana ukiwa na kidonda mguuni unaota mtoki kwenye kinena. Limfu inayotoka utumboni hubeba mafuta ya chakula, na baada ya mlo wa mafuta huwa nyeupe kama maziwa. Yote huishia kumwagwa kwenye mishipa mikubwa ya damu chini ya shingo, nyuma ya mtulinga. Mlango wa kushoto ndio wenye kazi kubwa: miguu yote miwili, tumbo na mkono wa kushoto hupitia huko.

Sasa, mfongo unashuka, mlima wenyewe unausukuma. Limfu ya mkononi inabidi ipande, na haina moyo wa kuisukuma. Mishipa yake hujikamua kidogo, ina vali za kuizuia isirudi nyuma, na sehemu kubwa inategemea misuli ikijikaza na pumzi unayovuta. Kwa mama walipoondoa tezi za kwapani, ni kama mfongo umebomolewa katikati. Maji kutoka juu hayakukoma, yakatafuta pa kukaa. Dawa ya kukojoza hupunguza maji ya damu, ila protini iliyokwama mkononi inabaki palepale na kuyavuta tena. Na maji ya moto yanaongeza damu mkononi, kwa hiyo yanavuja mengi zaidi. Masikini shangazi.

Kilichotupeleka hospitali ni kisu. Mama alikuwa akimenya ndizi za mtori, kikamchana kidole, mchano mdogo wa kufungia kitambaa. Usiku akatetemeka kwa homa, asubuhi mkono mwekundu na wa moto hadi kwenye kiwiko. Maji yaliyotuama ni shamba la bakteria. Alilazwa, akachomwa antibiotiki. Ukiona wekundu, joto na homa kwenye mkono wa namna hii, nenda siku hiyohiyo, usisubiri gulio lipite.

Baada ya hapo tukapelekwa kwa mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo, kijana mpole. Alimwamkia mama, akakaa, na badala ya kugusa mkono akaanza shingoni. Ngozi anaisogeza taratibu tu, kama anayefuta vumbi kwenye picha. Kisha kifuani kuelekea kwapa la upande wa pili, kisha bega, na kiganja mwisho kabisa. Mama akamkatiza: "Mwanangu, mkono uko huku." Akajibu, "Mama, ukizibua mfereji unaanza wapi?" Mama akanyamaza. Kila mtu Old Moshi anajua kwamba unazibua chini kwanza ndipo unafungulia maji ya juu.

Nyumbani tunafanya hivi. Bendeji maalumu zisizovutika sana, zinakazwa kiganjani na kulegezwa kadiri unavyopanda; usijaribu mpaka mtu aliyesomea akuonyeshe, maana ukikosea unaufunga mfongo wewe mwenyewe. Bendeji ikiwa mkononi, mama anakunja na kukunjua ngumi, anainua mkono, anavuta pumzi ndefu. Kazi nyepesi afanye, mkono uliolala tu hauponi. Ndizi anamenya kwa glavu, ngozi anaipaka mafuta isipasuke. Presha na sindano tunatoa mkono wa kulia. Najua madaktari wa siku hizi hawakubaliani sana juu ya hilo, ila kutoa mkono mwingine ni bure.

La muhimu kuliko yote ni tepu ile ya fundi. Kama ndugu yako ametolewa tezi za kwapani, pima mikono yote miwili mapema, sehemu zilezile, uandike. Uvimbe unaweza kuja baada ya miezi, au miaka. Tofauti ikifika sentimita 2, au pete na mkono wa blauzi vikianza kubana, mpeleke wakati huo. Uvimbe ukiachwa muda mrefu nyama inakuwa ngumu, kile kishimo cha kidole hakitokei tena, na kuurudisha ni kazi kwelikweli. Wetu haukurudi wote. Hautarudi wote.

Mama ana daftari la shule la mjukuu, anaandika kila Jumamosi. Wiki iliyopita tofauti ya mikono ilikuwa sentimita 3, mwezi wa kwanza wa kupima zilikuwa 5. Blauzi ya harusi amempelekea fundi apunguze ule upande alioongeza, akamwambia asikate kitambaa, akishone tu kwa ndani.