Kabla hujalaumu fuwele, pima sumaku

Wiki iliyopita kijana anayeanza shahada ya uzamili aliniandikia: "Shikamoo dada, nimekabidhiwa kipande cha YIG, nianzie wapi?" Tuliongea kwenye simu mpaka salio likaisha. Yaliyobaki nayaweka hapa, maana yale niliyomwambia niliyajua kwa kupoteza miezi mitatu ya mwaka wangu wa kwanza nikiwa Ujerumani.

YIG ni ganeti ya itri na chuma, fuwele ambayo Wafaransa Bertaut na Forrat waliitangaza mwaka 1956. Atomu zake za chuma ni kama sumaku ndogondogo. Ukiiweka kwenye uga wa sumaku na kuzigutua kidogo, zinayumba kama pia ya kuchezea inayoelekea kuchoka, mara milioni 2.8 kwa sekunde kwa kila gausi moja (gausi ni kipimo cha nguvu ya uga). Moja ikiyumba, jirani yake naye anayumba, na mtikisiko unasafiri. Hilo ndilo wimbi la magnetostatiki.

Watu wa maikrowevu, yaani mawimbi ya redio yanayotikisika mabilioni ya mara kwa sekunde, wanalipenda kwa sababu linakwenda taratibu, hivyo linaweza kuchelewesha ishara. Chukua utando wa YIG wenye unene wa mikromita 10, uweke kwenye gausi 1,000. Karibu na gigahezi 4.7 (mitikisiko bilioni 4.7 kwa sekunde), wimbi la juu ya utando linakwenda kilomita 80 hivi kwa sekunde, wakati mwanga unakwenda 300,000. Sentimita moja inachukua takriban nanosekunde 120. Ukitaka ucheleweshaji huo kwa kebo ya kawaida, andaa mita zipatazo 24. Na ukibadilisha uga, masafa, yaani idadi ya mitikisiko kwa sekunde, yanahama nao. Kwa tabia hiyo ya kuhama na uga, vipira vya YIG visivyofika hata milimita moja vimetumika miaka mingi kwenye osileta (vitengeneza mawimbi) na vichujio vya analaiza za spektra, mashine za kuonyesha masafa yaliyomo kwenye ishara.

Sasa ushauri wenyewe. Kifaa chako si utando peke yake. Kifaa ni utando na sumaku, na sumaku ndiyo itakayokusumbua.

Mimi nilianza na utando mzuri sana, umeoteshwa juu ya fuwele nyingine, ganeti ya gadolini na gali, wa rangi ya njano inayoelekea kijani. Chini yake nikaweka vikanda viwili vyembamba vya shaba, kimoja cha kutuma na kingine cha kupokea, nikaunganisha analaiza, mashine ya kupima mawimbi yanayopita. Kutoka kushoto kwenda kulia mawimbi yalipita vizuri. Kutoka kulia kwenda kushoto yalifika dhaifu mno. Nikajua kiunganishi kimekufa. Nikabadilisha kebo, nikalehemu upya, nikafanya usawazishaji wa mashine asubuhi na jioni. Wiki tatu zikapita. Siku moja fundi wa maabara, mzee mpole asiyependa maneno mengi, alikuja akasimama nyuma yangu, akaishika sumaku akaigeuza kichwa chini, akaondoka. Nilipopima tena, upande uliokuwa dhaifu ndio uliokuwa na nguvu.

Hakuna kilichokuwa kimeharibika. Uga ukiwa ndani ya bapa la utando, na wimbi likisafiri kwa kuukata, wimbi hilo hukaa uso mmoja wa utando likienda, na uso wa pili likirudi. Vikanda vyangu vilikuwa vinagusa uso mmoja tu. Wanafizikia Damon na Eshbach walikuwa wameshaeleza hesabu ya mawimbi hayo tangu 1961, nami nilikuwa nimeisoma, lakini sikuiona iko mezani kwangu. Kwa hiyo, mdogo wangu, siku ya kwanza kabisa chora mshale wa uga na mshale wa wimbi kwenye daftari. Mishale yote ikilala kwenye utando na kukatana, utapata mawimbi ya juu ya utando, na kwa gausi 1,000 bendi yake, yaani masafa yanayopita, ni kama gigahezi 4.65 mpaka 5.25. Ikilala sambamba, utapata mawimbi ya ndani ya utando, yanayoanzia gigahezi 2.8 mpaka pale yale ya juu ya utando yanapoanzia. Uga ukisimama wima juu ya utando, hapo ni aina ya tatu, na masafa yanashuka sana kwa sababu usumaku wa YIG yenyewe, gausi 1,750 na ushei, unapunguza uga ulioko ndani. Ukikosea mshale, utatafuta bendi mahali isipokuwepo.

Jambo la pili ni joto. Ilikuwa Julai, maabara haina kiyoyozi, na kila ikifika saa tisa alasiri bendi yangu ilikuwa imeshuka zaidi ya megahezi 50. Niliandika kwenye daftari kwamba utando unazeeka! Kumbe jua la dirishani lilikuwa linafika juu ya sumaku yangu ya neodimi. Sumaku ya namna hiyo hupoteza karibu asilimia 0.1 ya nguvu yake kwa kila digrii, na YIG nayo hupoteza kama asilimia 0.2 ya usumaku wake. Digrii nane tu zinatosha kabisa kukuletea hasara ile. Niligundua kwa kuigusa: chuma kilikuwa cha vuguvugu. Funga kipimajoto kwenye sumaku yenyewe, si ukutani, na andika joto pembeni ya kila kipimo.

Mengine ni mafupi. Kingo za utando zikate mshazari, la sivyo wimbi litagonga na kurudi, nawe utaona mawimbimawimbi kwenye mchoro na kudhani ni kelele. Anza na nguvu ndogo, mikrowati 10 inatosha. Kwenye uga dhaifu, wimbi lenye nguvu hupasuka likawa mawimbi mawili ya nusu masafa, na kipimo chako kinadanganya. Tabia hiyo hiyo wahandisi wameigeuza kuwa kinga ya vipokezi: ishara kali inabanwa, na dhaifu iliyo jirani kwa masafa inapita salama. Naipenda sana kazi hiyo, ila ije baadaye, ukishapata mstari wa kwanza unaouamini.

Ukipata mchoro wa kwanza nitumie, na pembeni uniandikie gausi, joto la sumaku, na ile mishale miwili. Bila hivyo vitatu sitaweza kukusaidia.